Pembetatu ya Eupen

Kijiweni kwetu hapa Tanga kahawa huanza kumiminwa baada ya magharibi, na ubishi huanza na kikombe cha pili. Siku hiyo kijana mmoja alitupitishia simu yake tuone klipu: pembetatu nyeusi imening'inia juu ya mapaa ya nyumba, taa nyeupe kila pembe, nyekundu moja katikati inawaka na kuzima. Nikasema kile ambacho siku hizi kila mtu anasema, kwamba hiyo ni kazi ya kompyuta, ukitaka hata punda anarushwa.

Mzee mmoja pale, karani wa mahakama mstaafu, hakuitazama hata hiyo klipu. Alisubiri tumalize kucheka.

"Hiyo ya kwenye simu siijui," akasema. "Ila ile ya Ubelgiji, mwaka themanini na tisa, naikumbuka, tuliisikia redioni. Mwanangu, mimi nimekaa na mafaili ya mashahidi maisha yangu yote. Shahidi mmoja huongopa. Wawili hupanga. Elfu mbili kawapanga nani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Swali hilo limenikalia kichwani wiki baada ya wiki. Nimesoma kila nilichokipata kuhusu mkasa ule, wa wanaoamini na wa wanaobeza, hadi nyumbani wakaanza kunitania kwamba nasubiri usafiri.

Jioni ya tarehe 29

Novemba 29, 1989. Ukuta wa Berlin umefunguliwa wiki tatu tu nyuma. Eupen ni mji mdogo mashariki mwa Ubelgiji, upande wanaozungumza Kijerumani, karibu kabisa na mpaka. Kama saa 11 na robo jioni, giza la majira ya baridi limeshaingia, askari wawili wa jandarmeri, polisi wenye mfumo wa kijeshi, wakiwa doria ndani ya gari lao wakaona shamba la kando ya barabara limemulikwa kwa mwanga mkali kutoka juu.

Walipoinua macho wakaona umbo jeusi, bapa, la pembetatu. Taa tatu kubwa zilikuwa zinamwaga mwanga chini, na katikati ikiwaka na kuzima taa nyekundu. Lilikwenda taratibu mno, bila ngurumo ya ndege waliyoizoea. Wakaliandama kuelekea mjini. Baadaye, kutoka mahali palipoinuka, walikaa muda mrefu wakitazama mwanga uliosimama upande wa bwawa la Gileppe, ukitoa miali miekundu inayokwenda mbali na kurudi.

Hawakuwa peke yao. Doria nyingine zilisema zimeona, na raia waliokuwa wakirudi makwao wakasema wameona. Ripoti za jioni hiyo moja zilipita mia.

Na magazeti yalikuwa bado hayajaandika hata mstari mmoja.

Hilo la mwisho liweke pembeni, nitalihitaji baadaye.

Elfu mbili zilivyopatikana

Mzee wetu alikuwa sahihi kuhusu idadi. Chama cha kujitolea kilichoitwa SOBEPS, kilichoanzishwa Brussels mwaka 1971, ndicho kilichobeba mzigo wa kusikiliza watu. Humo walikuwamo wapenzi wa mambo hayo na wanasayansi wachache. Kwa muda wa zaidi ya mwaka simu zao hazikupumzika, na mwishowe wakatoa vitabu viwili vinene juu ya mkasa huo, cha kwanza mwaka 1991.

Kanali Wilfried De Brouwer, aliyekuwa akisimamia operesheni za jeshi la anga la Ubelgiji na ambaye baadaye alistaafu akiwa meja jenerali, amekuwa akiitoa hesabu hivi: matukio kama 2,000 yaliandikishwa, 650 yakachunguzwa, na zaidi ya 500 hayakupatiwa maelezo.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona 500 na moyo ukadunda. Mara ya pili niliona kitu kingine. Kati ya hizo 2,000, zaidi ya theluthi mbili hakuna aliyekwenda kuzichunguza. Zimeingia kwenye jumla kama zilivyosemwa kwenye simu. Yule aliyeiona sayari ya Zuhura akitoka dukani amehesabiwa sawa na yule aliyesimama chini ya kitu chenyewe.

Halafu nani alikuwa anauliza maswali? Watu wema, waliotumia petroli yao na usiku wao, sina haja ya kuwakejeli. Lakini walikuwa watu waliokwisha kuwa na hamu ya jibu fulani. Karani wa mahakama analijua vizuri swali la kumwongoza shahidi. "Je, zile taa zilikuwa kwenye pembe za kitu?" Shahidi aliyeona taa tatu tu anapoulizwa hivyo anaanza kuzitafutia pembe, na akirudi nyumbani anazo.

Kuna jambo moja tena lililonifanya nisimame. Ubelgiji imegawanyika kwa lugha. Kaskazini, Flanders, wanazungumza Kiholanzi. Kusini, Wallonia, Kifaransa. Na kile kipande cha mashariki Kijerumani. SOBEPS ilikuwa chama cha wanaozungumza Kifaransa, na sehemu kubwa ya ripoti ilitoka upande wa Wallonia. Flanders, yenye watu wengi zaidi, ilitoa chache.

Anga la Ubelgiji ni moja. Ndege yoyote ya siri, ya dunia hii au ya nyingine, ina sababu gani ya kuheshimu mpaka wa Kifaransa na Kiholanzi? Kinachoheshimu mpaka huo ni gazeti, ni taarifa ya habari ya saa mbili, ni namba ya simu ya kupiga ukiona kitu.

Hapo ndipo jibu la kwanza kwa mzee lilipoanza kunijia. Hakuna aliyewapanga wale elfu mbili. Ila hawakuwa mashahidi wa tukio moja pia. Kila mmoja alishuhudia jioni yake, na sisi tumewafunga wote kwenye faili moja.

Usiku wa F-16

Wabishi wa kijiweni wakifika hapa hutoa karata ya juu. Jeshi lilirusha ndege. Rada ilinasa. Rada haina habari na magazeti.

Usiku wa kuamkia Machi 31, 1990, askari wa jandarmeri upande wa Ramillies na Wavre waliripoti taa zilizojipanga pembetatu, zikibadili rangi: nyekundu, kijani, njano. Kituo cha rada cha Glons kikaona kitu, na cha Semmerzake nacho kikaona. Saa 6 na dakika 5 usiku ndege mbili za kivita aina ya F-16 zikapaa kutoka kambi ya Beauvechain. Kwa muda wa kama saa moja marubani walijaribu mara tisa kukikaribia kitu hicho, na mara chache rada za ndege zao zikafanikiwa kukishika kwa sekunde kadhaa. Zilichorekodi kinatisha: mwendo unatoka kama kilomita 280 kwa saa hadi karibu 1,800 ndani ya sekunde chache tu, na kimo kinaporomoka kwa maelfu ya futi.

Julai mwaka huo De Brouwer alikaa mbele ya waandishi wa habari na kuwaonyesha kanda ya rada. Nikiri kwamba hapa nampenda huyu bwana. Ni jeshi gani jingine la anga limewahi kufungua droo zake hivyo? Na siku za Pasaka, Aprili 1990, jeshi hilohilo lilikuwa limeshirikiana na SOBEPS kwenye uwanja wa Bierset, karibu na Liège, ndege yenye kamera ya kuhisi joto ikiwa tayari kuruka endapo kitu kingeripotiwa. Hawakukutana nacho.

Kuhusu kanda yenyewe, mambo mawili yalinisumbua tangu mwanzo. Marubani hawakuona kitu chochote kwa macho yao, muda wote waliokuwa angani. Na kitu kinachokwenda kilomita 1,800 kwa saa karibu na ardhi, juu ya nchi yenye msongamano wa watu kama ile, kingetoa mshindo wa kupita mwendo wa sauti ambao ungevunja vioo vya madirisha. Haukusikika.

Uchambuzi uliofuata ulimaliza hamu yangu. Mara kadhaa rada ya F-16 moja ilikuwa imemshika mwenzake. Zilizobaki zilikuwa mwangwi wa hewa yenyewe, tabaka za joto na unyevu zisizotulia, ambazo rada huzisoma kana kwamba ni chuma. Hata Profesa Auguste Meessen, mwanafizikia wa Louvain aliyeutetea mkasa huo kwa miaka mingi kuliko msomi mwingine yeyote, alikuja kukubali kwamba mwangwi wa rada za ardhini ulitokana na unyevu wa hewa. Mtu wa namna hiyo akiachia hoja aliyoishikilia, mimi siwezi kubaki nayo.

Na zile taa zinazobadili rangi? Nyota angavu ikiwa chini, karibu na upeo wa macho, usiku wa baridi, humeta nyekundu na kijani vilevile. Toka nje siku moja uangalie.

Picha ya Petit-Rechain

Ukiwahi kuona picha moja tu ya pembetatu hizi, ni hii. Aprili 1990, kijiji cha Petit-Rechain karibu na Verviers, kijana fulani alitoa slaidi: umbo jeusi kwenye anga la buluu-nyeusi, madoa matatu ya mwanga pembeni, la nne jekundu katikati. Ilizunguka dunia nzima, na bado inazunguka.

Wataalamu waliipima. Ilifika kwenye chuo cha kijeshi cha kifalme Brussels na hawakupata dalili ya ulaghai. Mapema miaka ya 2000 mwanafizikia mmoja wa Ufaransa aliipitisha kwenye kompyuta akaona mistari ya mwanga imejikunja kuzunguka madoa yale, ikafikiriwa kwamba pengine ndiyo alama ya nguvu za sumaku zinazokiendesha chombo.

Julai 2011 aliyeipiga alijitokeza kwenye televisheni ya RTL akasema ukweli. Lilikuwa povu gumu jeupe, lile linalofungiwa runinga mpya kwenye boksi. Alilikata, akalipaka rangi, akapachika taa, akalining'iniza, akapiga. Utani wa vijana, ulioishi miaka 21.

Nimekaa na kisa hiki kuliko vingine vyote, na si kwa sababu ya kijana. Kijana alitania, vijana hutania. Wataalamu ndio walionishughulisha. Walikuwa wakweli, na vipimo vyao havikuwa vibaya. Waliulizwa kama filamu imechezewa, na filamu haikuchezewa. Kilikuwa kitu halisi, mbele ya kamera halisi, kwenye mwanga halisi. Swali la ukubwa wa kitu na umbali wake halikuwa na jibu ndani ya ile slaidi, kwa hiyo kila mmoja alilijibu kwa kile alichokwisha kukisikia kwenye habari. Na ile mistari ya sumaku ilitafutwa na mtu aliyejua anatafuta nini.

Baada ya kukiri kwake kuna waliosema: sasa anadanganya, amelipwa akane. Huyo sina dawa yake.

Basi ni Wamarekani

Nadharia inayopendwa na watu wanaojiona wana akili timamu ni hii. Hakuna viumbe wa nje, ni ndege za siri za Marekani, na serikali ndogo za Ulaya zilinyamazishwa.

Ina mvuto, kwa sababu miaka inaingiliana. Novemba 1988 Pentagon ilikiri kwa mara ya kwanza kwamba ina F-117, ndege nyeusi yenye pembe kali inayoikwepa rada, na mwezi huohuo ikaionyesha B-2, nyingine ya kuikwepa rada, kule Palmdale, California. Desemba 1989, Eupen ikiwa imechangamka, F-117 ilikwenda vitani kwa mara ya kwanza, Panama. Juu ya hapo palikuwa na uvumi wa ndege iitwayo Aurora, na mhandisi mmoja wa mitambo ya mafuta, mtu aliyefunzwa kutambua ndege, alisema kwamba Agosti 1989 aliona juu ya Bahari ya Kaskazini pembetatu nyeusi ikijazwa mafuta angani na ndege ya Marekani. Yule namwamini kuliko wengi. Alichokiona kilikuwa na ndege zinazojulikana pembeni yake, kwa hiyo alikuwa na kitu cha kulinganishia.

Tatizo ni kwamba F-117 haiwezi kusimama hewani. Ikipunguza mwendo inaanguka. Pia, mtu mwenye ndege ya siri ya thamani ile hawezi kuirusha chini, taa kubwa zikiwaka, juu ya barabara ya watu wanaotoka kazini, katika nchi yenye makao makuu ya NATO. Jangwa analo la kutosha kwao Nevada. Wabelgiji waliwauliza Wamarekani rasmi, wakajibiwa kwamba hakuna ndege ya aina hiyo iliyokuwa ikifanya kazi eneo la Ardennes, kusini mashariki mwa Ubelgiji. Unaweza kusema walidanganya. Ila hata mwongo anahitaji sababu ya kuwa pale.

Kwangu ile 1988 inaeleza kitu tofauti. Mwaka 1896 na 1897, Marekani, watu waliona angani meli za kuruka zenye taa na wakati mwingine mapropela, kwa sababu magazeti yalikuwa yanasema kwamba mvumbuzi fulani yuko karibu kuzikamilisha. Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliona vitu tisa karibu na Mlima Rainier. Alieleza kwamba viliruka-ruka mithili ya kisahani kilichorushwa juu ya maji, waandishi wakashika kisahani, na nchi nzima ikaanza kuona vya duara, ingawa vyake havikuwa duara. Miaka arobaini baadaye umbo la siri lililokuwa vichwani mwa watu lilikuwa jeusi na lenye pembe.

Anga hujazwa na kile kilichosomwa asubuhi.

Kipande cha roketi

Kama ni kunitajia tukio moja lililonipindua, si la Eupen. Ni la jioni ya Novemba 5, 1990.

Kama saa moja usiku, kutoka Ufaransa hadi Ujerumani, maelfu ya watu waliona chombo kikubwa mno kikikatiza anga polepole, kimya, na taa nyingi mbele na mikia ya mwanga nyuma. Wengi walikichora pembetatu. Wapo waliosema kilipita juu tu ya nyumba, wakaeleza na chuma cha tumbo lake. Marubani wa ndege za kivita za Tornado za Uingereza waliripoti kwamba kimewapita.

Kilikuwa hatua ya tatu ya roketi ya Proton ya Warusi, iliyotumika kupeleka setilaiti ya mawasiliano ya Gorizont, ikirudi kwenye angahewa na kuungua vipandevipande. Njia yake inajulikana, saa yake inajulikana. Ilikuwa makumi ya kilomita juu ya vichwa vyao.

Hapa hakuna utani wala povu, na rada haimo. Kulikuwa na kitu, kila mtu alikiona, walikuwa wengi kuliko wa Eupen, na tunajua kwa hakika kilikuwa nini. Kwa hiyo kwa mara moja tunaweza kupima ushahidi wenyewe. Taa walizoziona zilikuwepo. Mwelekeo waliusema vizuri. Ila mwili uliozishika taa hizo, lile tumbo la chuma, haukuwepo kabisa. Katikati ya vipande vinavyoungua palikuwa na anga tupu.

Sisi huku tunavijua vipande vya roketi kwa njia nyingine. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye upana wa kama mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilidondoka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya, na Shirika la Anga la Kenya likaja kuichukua. Wanakijiji wale hawakuhitaji kubishana kama ni chuma. Eupen haikuacha hata msumari.

Giza la katikati

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Siku za giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, na ukisimama ufukweni unaziona zimetapakaa kwenye maji. Nilichagua tatu zilizokuwa zimejitenga na nyingine, nikazikazia macho bila kusogea.

Dakika chache tu, meli ikatokea. Nasema kweli: kati ya zile taa tatu maji yalikuwa meusi kuliko meusi ya pembeni, yana kingo, yana ubavu. Ningeulizwa urefu wake ningetaja mita. Nilijua ni mashua tatu na bado niliiona meli. Halafu taa ya nne, ndogo, ya mtumbwi, ikapita polepole katikati ya ubavu wa meli yangu na kutokea upande wa pili.

Meli ikavunjika palepale, na nilijaribu kuirudisha ikakataa.

Arizona, Machi 13, 1997, watu wengi waliona taa zilizopangika mfano wa herufi V zikivuka jimbo zima kama saa mbili usiku, na wengi wakaapa kwamba ni chombo kimoja kilichofunika nyota. Kijana mmoja mpenzi wa nyota alikuwa na darubini yake usiku huo. Aliielekeza kwenye zile taa akaona ndege, kila moja na mabawa yake. (Taa nyingine za saa nne usiku zilikuwa fataki za kumulika za kijeshi zilizodondoshwa kwenye eneo la mazoezi, kisa tofauti ambacho watu hukichanganya.) Gavana Fife Symington aliitisha waandishi wa habari akamleta msaidizi wake amevalishwa kinyago cha kiumbe cha angani, watu wakacheka. Mwaka 2007 akasema kwamba naye alikiona, na kwamba alichokiona kilikuwa kitu kimoja kizima.

Hata chombo cha kutazamia kinaweza kuumba pembetatu. Julai 2019, meli za kivita za Marekani nje ya pwani ya California zilirekodi pembetatu za kijani zinazometa. Mei 2022, kwenye kikao cha wazi cha Bunge la Congress juu ya mambo haya, cha kwanza kwa zaidi ya miaka 50, ofisa wa ujasusi wa jeshi la majini alieleza kwamba zilikuwa droni, na umbo la pembetatu lilizaliwa na mwanga uliopita kwenye kifaa cha kuonea usiku kisha kwenye kamera.

Nchini Uingereza, ripoti ya siri ya ulinzi iliyokamilishwa mwaka 2000 na kuachiwa umma mwaka 2006 ilizihusisha pembetatu nyeusi na plazima, hewa yenye chaji za umeme inayong'aa. Mimi naiona kama waganga wawili: wa kwanza kashindwa, wa pili kaongeza jini. Huhitaji plazima adimu pale ambapo jicho lenyewe linatosha.

Faili ambalo sijalifunga

Kwa hiyo picha nimeitupa. Rada nimeitupa. Aurora nimeiweka kando. Wale elfu mbili, wengi wao nimewapa nyota, ndege za kawaida na habari za usiku uliopita.

Nimebaki na ile jioni ya kwanza.

Hoja zangu zote nzuri hazifiki pale vizuri. Mashahidi wa Novemba 29 hawakuwa wamesoma gazeti, kwa sababu gazeti halikuwepo. Wao ndio waliolianzisha. Giza la katikati hufanya kazi vizuri kwa taa za mbali, nao walisema kitu kilikuwa juu ya shamba la jirani. Wanaobeza husema askari waliitazama Zuhura, na kweli Zuhura ilikuwa angavu sana kusini magharibi jioni zile, na ule mwanga wa muda mrefu upande wa Gileppe niko tayari kuwaachia wao. Lakini Zuhura haimuliki shamba kando ya barabara.

Wengine husema helikopta: taa kali za chini, taa nyekundu ya tahadhari tumboni, upepo umechukua sauti. Mimi mwenyewe naegemea huko, nikibanwa. Ila nimegundua kwamba naegemea huko kwa sababu helikopta zipo, si kwa sababu kuna aliyenionyesha hii ya jioni ile. Wanaobeza wamezoea kuwadai wenzao ushahidi, na wana haki. Deni hili ni lao. Helikopta ina kambi, ina rubani, ina mafuta yaliyosainiwa, na jeshi lililokubali kuonyesha kanda zake za rada lisingeshindwa kuonyesha karatasi ya kawaida ya safari. Walete daftari la Novemba 29, 1989: imepaa wapi, saa ngapi, na taa zile ilikuwa inatafuta nini shambani.